UZI: Kabla ya kusaini na SAP kwa programu za simu, tupime nini hasa?

Nanga_ya_Data (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kazi. Swali hili linarudi mara kwa mara kwa sura tofauti, basi tuliweke mahali pamoja. Shirika lina SAP tayari (ERP, yaani mfumo mkuu wa fedha, ghala na matengenezo), liwe la maji, la umeme, bandari au kiwanda cha saruji. Linataka mafundi wake wa nje wapokee kazi kwenye simu, wajaze vipimo, wapige picha na wafunge kazi hata pale ambapo mtandao haushiki. Muuzaji anakuja na slaidi, anaonyesha programu safi kwenye iPad, halafu kamati ya manunuzi inaulizwa: jukwaa hili linafaa?

Nianze na hoja yangu, mnipinge. Kwenye kikao cha namna hiyo tunaonyeshwa programu ya leo, lakini tunanunua mkakati wa muuzaji wa miaka 7 hadi 10 ijayo. Na mkakati wa muuzaji huusomi kwenye slaidi zake, unausoma kwenye bidhaa alizokwisha kuzika.

Mfululizo wa SAP uko hivi. Mwaka 2010 ilinunua Sybase kwa takriban dola bilioni 5.8, ikapata Sybase Unwired Platform ya kujengea programu za simu, pamoja na Afaria ya kusimamia vifaa. 2012 ikanunua Syclo, wenye Agentry, zana ya kujengea programu za mafundi wa nje. Mwaka huohuo ikatangaza ushirikiano na Adobe kwa ajili ya PhoneGap, na Appcelerator, na Sencha, wote wa zana za kujengea programu za simu. 2013 vipande vikuu vikaunganishwa kwenye SAP Mobile Platform 3.0, na mwaka huohuo Fiori, skrini mpya za SAP, ikatoka, nayo ni ya kivinjari. Mei 2016 ukatangazwa ushirikiano na Apple, Machi 2017 ikatoka SDK (zana za wasanidi) ya iOS, ya Android ikafuata. Ikaja Mobile Development Kit, tunayoiita MDK. 2021 ikanunuliwa AppGyver ya Finland, ambayo leo iko ndani ya SAP Build. Wingu lenyewe lilikuwa HANA Cloud Platform, likawa SAP Cloud Platform mwaka 2017, likawa BTP (Business Technology Platform) mwaka 2021.

Chukua karatasi, na kwa kila jina uliza: aliyejenga juu ya hiki, alibeba nini alipohamia kilichofuata? Utakuta tangu Gateway itoke, kilichovuka karibu mihamo yote ni huduma za OData, yaani njia ya kawaida ya programu za nje kusoma na kuandika data ya SAP, ambayo Gateway ndiyo mlango wake. Upande wa simu uliandikwa upya. Aliyekuwa na Work Manager, programu ya mafundi ya SAP juu ya Agentry, akaongeza sehemu na skrini zake mwenyewe, hakuzihamisha kwenda Service and Asset Manager, mrithi wake juu ya MDK, alizijenga tena. Agentry ina kihariri chake na mantiki yake, MDK ni metadata (maelezo ya kurasa na vitendo) na sheria za JavaScript. Hakuna daraja kati yao.

Kwa hiyo naigawa bajeti hivi: huduma za OData zijengwe kama nyumba ya mawe. Programu ya simu ni paa la makuti juu yake, na tangu siku ya kwanza iandikwe kwamba litaezekwa upya baada ya miaka 5.

MzeeWaSeva

Naongezea kwenye ule ushirikiano wa 2012, maana watu hupima muuzaji wakasahau kupima aliowaegemea.

Adobe walifunga PhoneGap Build tarehe 1 Oktoba 2020 wakaacha kuwekeza kwenye PhoneGap, ikabaki Apache Cordova ya jumuiya, msimbo huria uliotokana nayo. Appcelerator ilinunuliwa na Axway mwaka 2016, na Machi 2022 Axway wakasitisha msaada wao kwa Titanium, zana ya Appcelerator, ikabaki mikononi mwa jumuiya. Sencha ilinunuliwa na Idera 2017. Watatu kati ya watatu. Si kwamba SAP walikosea kuchagua, wakati ule ndio waliokuwa mbele. Soko la zana za simu ndivyo lilivyo. Ndiyo maana orodha ya maswali kwa muuzaji iwe na hili: ndani ya jukwaa lenu kuna msimbo wa nani mwingine, na mtafanya nini akiondoka? Kwa MDK jibu unalotafuta ni NativeScript, mfumo uliojengewa ndani yake. Waulize wanaishikilia vipi, toleo gani, na nani anarekebisha kasoro zake.

Na wasidhani Microsoft ni salama zaidi kwa sababu ni wakubwa. Xamarin, zana ya programu za simu, walitangaza kuinunua Februari 2016, msaada ukaisha 1 Mei 2024. Mrithi wake, .NET MAUI, ilitoka Mei 2022, na hapo kuna mtego ambao wengi hawausomi: .NET 8 ni toleo la msaada mrefu hadi Novemba 2026, lakini MAUI 8 iliyo juu yake msaada wake uliisha 14 Mei 2025. Msingi ule una miaka 3, ganda la simu halifiki miaka 2. App Center, iliyotumika kujenga na kusambaza matoleo ya majaribio, ilistaafishwa 31 Machi 2025. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "msaada wa muda mrefu", uliza ni wa kipande kipi.

FundiOData

Historia ni muhimu, lakini mradi unakufa kwenye usawazishaji. Rangi na vitufe watu huzizoea ndani ya wiki. Data ikipotea mara 2 fundi anarudi kwenye karatasi na hamrudishi tena.

Kwanza jinsi inavyofanya kazi kwa ndani. Kwenye simu kuna kanzidata ndogo, UltraLite, urithi wa Sybase. Programu inapofunguliwa mara ya kwanza inapeleka orodha ya maombi ya OData yanayosema data ipi ishushwe. Mobile Services, huduma ya SAP ya simu kwenye wingu, inayapitisha hadi Gateway, inapokea majibu, inaitengeneza kanzidata, simu inaishusha. Tangu hapo fundi anasoma na kuandika kwenye simu peke yake. Kila alichoandika kinaingia kwenye foleni. Mtandao ukirudi, foleni inapakiwa kwa mpangilio uleule ilivyoandikwa, kisha mabadiliko ya upande wa seva yanashushwa.

Sasa inapoharibikia.

Tuseme orodha ya mitambo na maeneo ina safu 60,000, kila moja baiti 300. Hiyo ni MB 18 kwa simu. Mafundi 400 asubuhi ya kwanza ni GB 7.2, na bando lao mnalilipa nyinyi. Hilo linavumilika, hutokea mara moja. Tatizo ni kuonyesha upya. Kama huduma yako ya OData haitoi tokeni ya delta, yaani haiwezi kujibu "nini kimebadilika tangu saa 3", Mobile Services inaomba seti nzima tena, inailinganisha yenyewe na ile ya mwanzo, inapeleka simuni tofauti tu. Kwenye simu utaona mambo ni mepesi kabisa, na kwenye jaribio la watu 5 hutagundua chochote. Lakini mafundi 400 wakionyesha upya mara 6 kwa siku ni masomo 2,400 ya seti nzima, safu milioni 144 kwa siku zinazosomwa kutoka kwenye ERP ileile inayotoa ankara. Siku ya kwanza ya uzalishaji watu wa fedha ndio wa kwanza kulalamika, na hakuna anayefikiria kwamba chanzo ni simu.

Dawa ni tatu na zote mnazifanya kabla ya kununua leseni nyingi. Wekeni ufuatiliaji wa mabadiliko upande wa ABAP (lugha ya programu ya SAP) kwa seti kubwa, kwa jedwali linaloandika ufunguo na saa kila rekodi inapoguswa. Chujeni kwa kituo cha kazi cha fundi. Fundi wa Temeke hahitaji mitambo ya Kinondoni. Na seti ambazo ni zilezile kwa kila mtu, kama orodha ya aina za hitilafu, zitangazwe kwenye mipangilio kuwa za watumiaji wote ili wingu lizisome mara moja kwa ajili ya wote.

Pa pili ni foleni inayokwama. Fundi amefungua taarifa ya hitilafu bila mtandao, akaambatisha picha, akabadilisha kipaumbele, akaandika saa alizofanya kazi. Maombi 4. La kwanza likikataliwa na seva, kwa mfano mtambo ulifungiwa na ofisi asubuhi ile, hayo 3 yanayolitegemea nayo yanakwama. Yanaingia kwenye hifadhi ya makosa iitwayo ErrorArchive, na jukwaa limemaliza kazi yake hapo. Nani anaionyesha kwa fundi? Kwa maneno gani? Anaweza kusahihisha akatuma tena, au lazima afute? Kwenye demo sehemu hii haionyeshwi. Iombeni. Mwambieni muuzaji afungie mtambo mkiwa mnatazama, kisha apakie foleni.

Pa tatu ni marudio. Simu imetuma ombi, seva imelipokea na kuunda taarifa, jibu likapotelea njiani kwa sababu gari limeingia bondeni. Simu haijui, inatuma tena. Una taarifa 2 za hitilafu moja, kazi 2, na timu 2 zinapelekwa. Lazima upande wa seva utambue kwa namba ya ombi kwamba hili limeshapokelewa. Usikubali jibu la "inashughulikiwa na jukwaa". Jaribu: anza kupakia, zima data katikati, washa, hesabu taarifa. Fanya hivyo mara 20.

Kisiwani_Dev

Shukrani FundiOData, hii nimeihifadhi. Ila kuna swali halijaguswa. Kama mali yetu ni OData na ganda la simu litabadilishwa tu, kwa nini tununue ganda kwa SAP kabisa? Vijana wanaojua Flutter, zana ya Google ya kujengea programu za simu, wako wengi Dar, Nairobi, Kampala. Wa MDK ni wa kutafuta kwa tochi. Tujenge wenyewe juu ya OData ileile.

Mkaguzi_Leseni

Mkuu Kisiwani_Dev, kiufundi inawezekana. Lakini kabla hamjaandika mstari wa kwanza someni shauri la SAP dhidi ya Diageo, hukumu ya Mahakama Kuu ya Uingereza, Februari 2017. Diageo walikuwa na mifumo 2 juu ya Salesforce: Gen2 kwa wauzaji wao wa nje, na Connect ambapo wateja waliweka oda wenyewe. Yote ilizungumza na SAP kupitia SAP PI, kiunganishi cha SAP na mifumo mingine. Walidhani leseni ya PI inatosha. Mahakama ikaona kwamba wanaotumia mifumo hiyo wanaitumia SAP, japo hawaioni, na mkataba ulitaka leseni ya kila mtumiaji. Dai la SAP lilizidi pauni milioni 54.

Aprili 2018 SAP wakaleta mfumo mpya wa kuhesabu matumizi ya namna hiyo kwa hati badala ya vichwa. Kuna aina 9 za hati. Kinachohesabiwa ni kuundwa kwa hati mara ya kwanza. Kusoma na kuihariri baadaye havihesabiwi. Hati za bidhaa ghalani na za fedha zinahesabiwa kwa 0.2, nyingine kwa 1. Hati za huduma na matengenezo zimo, na za muda wa kazi zimo.

Fanyeni hesabu yenu wenyewe kabla hawajawafanyia. Mafundi 400, kazi 6 kwa siku, kila kazi inaunda hati 2, siku 300 za kazi: hati 1,440,000 kwa mwaka. Ukilinganisha programu ya kujijengea na ya kwao, hiyo namba iwekwe kwenye safu ya gharama ya kujijengea, isipokuwa mna jibu la maandishi kwamba leseni za majina walizonazo mafundi zinagharamia. Maandishi, kutoka kwa anayeruhusiwa kusaini. Barua pepe ya mtu wa mauzo haitakusaidia siku ya ukaguzi.

Na kwa upande wa pili, MDK nayo si bure. Mobile Services inalipiwa, Service and Asset Manager ina leseni yake, BTP ina salio la matumizi (credits) la kununua. Ombeni bei ya watumiaji 50, 400 na 1,000 kwa pamoja, siku moja, kabla hamjachagua. Bei ya 50 peke yake ni chambo.

Kisiwani_Dev

Sikujua hili la aina 9. Basi kama ni MDK, hofu yangu ni nyingine: metadata yake haifanyi kazi popote nje ya mteja wao, yaani programu yao ya simu inayoisoma. Tukiondoka tunaondoka mikono mitupu.

Nanga_ya_Data

Ndiyo maana nasema sheria zote za kazi ziwekwe kwenye OData, ganda libaki jembamba. Simu ionyeshe na ikusanye tu, uamuzi ufanywe na seva.

FundiOData

Hapa nakupinga Nanga, na ni jambo zito.

Ganda jembamba linafaa kwa Fiori ya kivinjari, mtumiaji yuko ofisini, seva inajibu papo hapo. Kwa fundi asiye na mtandao, ukaguzi wa seva unakuja baada ya saa 5 akiwa ameshaondoka. Amesoma mita akaandika 4,518 badala ya 45,180. Seva inakataa jioni: usomaji mdogo kuliko wa mwezi uliopita. Fundi yuko nyumbani, mita iko kijijini kilomita 60. Gharama ya kosa hilo ni safari nzima. Kwa hiyo ukaguzi lazima uwe simuni, na ukiwa simuni ndipo unapofungwa kwenye sheria za JavaScript za MDK.

Njia iliyo kati ni kufanya sheria zenyewe ziwe data. Jedwali la mipaka: kwa kila kituo cha kipimo, kiwango cha chini, cha juu, usomaji wa mwisho, na kama picha ni lazima. Linashushwa kama seti nyingine ya OData. Upande wa simu kunabaki kanuni moja fupi inayosoma jedwali na kuuliza "una uhakika?". Mkihama, mnaandika upya kanuni moja badala ya sheria 150. Na ofisi inaweza kubadili kiwango bila kugusa programu.

Sehemu ambayo haiwezi kuwa data, kama mtiririko wa kuzima laini kabla ya kupanda nguzo, ikubalini tu kwamba itaandikwa tena siku ya kuhama. Ihesabuni na kuiandika kwenye bajeti.

Nanga_ya_Data

Nakubali. Nilifikiria idhini za manunuzi, ambako seva ipo muda wote. Nasahihisha: jembamba kwa wa ofisini, na kwa wa nje sheria ziwe data.

BintiSeva

Ninyi mnajadili muuzaji mmoja, lakini mkakati wake una mabosi wawili juu yake, Apple na Google, na kalenda yao haimsubiri mtu. Kipimo changu: je, muuzaji ndiye anayebeba mzigo wa kalenda hiyo, au ninyi?

Mifano ya kumuuliza. Google Play ilitaka programu mpya na masasisho yalenge Android 15 kuanzia 31 Agosti 2025. Kuanzia 1 Novemba 2025, zenye msimbo asilia (uliojengwa moja kwa moja kwa kichakataji) zinazolenga Android 15 na kuendelea ziwe tayari kwa kurasa za kumbukumbu za KB 16, yaani vipande ambavyo mfumo unagawia kumbukumbu ya simu. Hili la pili linaangukia maktaba za ndani kama kanzidata ile ya UltraLite, ambayo wewe huna msimbo wake. Huwezi kurekebisha. Unasubiri. Apple wao tangu 24 Aprili 2025 walitaka kila kinachopakiwa kijengwe kwa Xcode 16, zana yao ya kujengea programu. Kwa kila tarehe kama hizo, mwambie muuzaji aonyeshe toleo lake lililotii lilitoka lini. Maelezo ya matoleo yana tarehe, hesabu siku kati ya mbili hizo. Toleo lililotoka wiki 1 kabla ya mwisho linakuachia wiki 1 ya kujenga, kujaribu na kusambaza.

Kuna mfano wa zamani ninaoupenda kuueleza kwa sababu unaonyesha uharibifu unavyoingia. Apple walipoondoa UIWebView, kivinjari cha zamani cha ndani ya programu, programu mpya zilizoitumia zilikataliwa kuanzia Aprili 2020, na masasisho yalipangiwa Desemba 2020 kabla ya tarehe hiyo kusogezwa mbele. Programu za Cordova, na humo zimo za Kapsel (viongezi vya SAP kwa Cordova), zikahamia WKWebView, mrithi wake. Ilionekana kama kubadilisha sehemu moja tu ndani. Lakini anwani ya ndani ya kurasa inapobadilika kutoka file:// kwenda anwani ya namna nyingine, kivinjari cha ndani kinaona ni tovuti tofauti, na chochote kilichohifadhiwa kwenye hifadhi ya ukurasa hakionekani tena. Mtumiaji anasasisha, anafungua, rasimu zake hazipo. Zipo kwenye simu, ila mlango umebadilika. Hapo ndipo utajua kama foleni yako ilikaa kwenye kanzidata ya kweli au kwenye hifadhi ya ukurasa.

Kuhusu MDK niseme jema lake: kurasa na sheria zinashushwa hewani bila kupita dukani, hivyo kosa dogo linarekebishwa siku hiyohiyo. Lakini mkitaka nembo yenu au kifaa cha Bluetooth, mnajenga mteja wenu wenyewe, na tangu hapo kalenda ya Apple na Google ni yenu. Mteja wa kawaida wa dukani anabaki mzigo wa SAP. Kwa shirika lenye mtu 1 wa simu, nashauri mteja wa kawaida, nembo isubiri.

Usambazaji wa ndani wa iOS: mpango wa Enterprise wa Apple ni dola 299 kwa mwaka, unataka shirika la wafanyakazi 100 au zaidi. Cheti kinadumu miaka 3, wasifu wa usambazaji mwaka 1. Wasifu ukiisha, programu haifunguki kwa mtu yeyote, asubuhi moja, nchi nzima. Wekeni kikumbusho siku 60 kabla, kwenye kalenda ya watu 2, si mmoja. Na arifa za Apple tumieni ufunguo wa .p8 ambao haukomi, msitumie cheti cha mwaka.

MzeeWaSeva

Dada BintiSeva umenena. Hapo kwenye kalenda ongeza na ya SAP yenyewe. ECC, ERP ya SAP iliyotangulia S/4HANA, kwa matoleo yake ya karibuni inamaliza msaada wa kawaida mwisho wa 2027, wa kulipia zaidi mwisho wa 2030. Mazingira ya zamani ya BTP yaitwayo Neo yamewekewa mwisho 31 Desemba 2028. Mtu akikuletea pendekezo la simu linalokaa Neo leo, unanunua mhamo ndani ya bei. Na kama bado mko ECC, huduma za OData mtakazoandika zitakutana na S/4HANA katikati ya mkataba. Andikeni majina ya sehemu kwa lugha ya kazi yenu, msianike majedwali ya ndani moja kwa moja, ili ndani yakibadilika simu isijue.

Mkaguzi_Leseni

Vifungu vya mkataba, kwa kifupi, vile vinavyosahaulika.

Taarifa ya kusitisha bidhaa iwe miezi 24 kwa maandishi, na katika miezi hiyo matoleo ya kutii Apple na Google yaendelee. Bila sehemu ya pili, miezi 24 haina maana: bidhaa ipo lakini dukani haipokelewi. Jina likibadilika, haki zihamie kwenye mrithi bila kununua upya, na mrithi atajwe kwa kazi anayofanya, maana majina mmeona yanavyobadilika. Metadata na marekebisho yetu ni mali yetu. Kumbukumbu za makosa ya usawazishaji tuweze kuzitoa wenyewe bila kufungua tiketi.

Eneo la data liandikwe. Picha ya mita ina nyumba ya mtu, na taarifa ina jina na simu yake. Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inafanya kazi tangu 1 Mei 2023, na inagusa usafirishaji wa taarifa nje ya nchi. Kenya iko Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Data inapita wingu kabla ya kufika ERP, kwa hiyo ulizeni seva za Mobile Services ziko nchi gani, na nakala za foleni zinakaa humo muda gani.

Kisiwani_Dev

Swali la mwisho kwa FundiOData. Tukipewa wiki 2 za jaribio, tuzitumieje? Na kwetu simu ni moja kwa zamu mbili.

FundiOData

Wiki ya kwanza msiguse skrini kabisa. Pelekeni data halisi: safu zote, si mfano wa 200 wanaokuja nao. Simu ziwe zile mtakazonunua, na kama ni Android Go za RAM GB 2, basi hizo. iPad yao irudi kwenye mkoba. Pimeni muda wa kushusha mara ya kwanza kwa 3G, ukubwa wa kanzidata, na kwenye Gateway angalieni maombi mangapi yanatoka kwa kila onyesho upya. Makosa mtayaona kwenye /IWFND/ERROR_LOG. Mtu wa ABAP awepo siku zote 10, la sivyo mtabaki kubahatisha.

Wiki ya pili ni ya kuvunja. Siku 1 simu ikae hali ya ndege kuanzia asubuhi, kazi 15 zifungwe, picha 3 kila moja, kisha pakia kwa mtandao dhaifu. Siku 1 ofisi na fundi wabadilishe kazi ileile, mtazame nani anashinda na kama aliyeshindwa anaambiwa. Siku 1 ya kukata mtandao katikati, zile mara 20. Siku 1 sukumeni toleo jipya la metadata wakati foleni ina kazi ambazo hazijatumwa. Siku ya mwisho ni ya zamu zenu.

Zamu ijaribiwe hivi: fundi wa kwanza aache kazi 5 kwenye foleni, atoke. Wa pili aingie bila mtandao kwa nenosiri lake. Kama programu inakataa hadi foleni ya wa kwanza ipakiwe, zamu ya pili inaanza bila kazi popote pasipo na mtandao, na lazima kituo kiwe na Wi-Fi ya kupakia kabla ya kukabidhiana. Kama inamruhusu, subirini mtandao urudi kisha fungueni hati zile 5 kwenye SAP, muangalie sehemu ya aliyeunda imeandikwa jina la nani. Likiwa la wa pili, saa za kazi na sahihi za usalama zimeenda kwa mtu ambaye hakuwepo. Hapo simamisheni ununuzi hadi warekebishe, na mwone wenyewe ikirekebishwa.